Mhusika wangu ana shaka kupita kiasi, au ana uhakika kupita kiasi? Kuhusu penzi la kwanza la wanawake wawili katika hadithi

Mshonahadithi aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Nina jambo la uandishi ambalo limenikwamisha tangu mwezi wa tatu, nami nimeona heri nililete hapa kuliko kuendelea kuandika na kufuta. Ninaandika hadithi ndefu, itakayofika kurasa 90 hivi, kuhusu wanawake wawili wa Mombasa. Msimulizi ni Tabu, fundi cherehani wa miaka 27 mwenye kibanda chake Kongowea, si mbali na soko. Mwenzake ni Neema, muuguzi, ambaye anafika kibandani kwa sababu ya kawaida kabisa: amepewa sare mbili mpya, zote zinampwaya kiunoni, na anataka zipunguzwe kabla ya zamu ya Jumatatu. Tabu hajawahi kuwa na uhusiano wa kimapenzi na mwanamke. Aliwahi kuwa na mchumba, wakaachana bila ugomvi, na tangu hapo amekuwa akiwaeleza watu kwamba kazi ndiyo iliyomshughulisha.

Rasimu ya kwanza ilimjaza Tabu shaka. Kila Neema alipoondoka, Tabu alikaa mbele ya cherehani na kujiuliza yeye ni nani, jambo hili limetoka wapi, na watu watasema nini. Rafiki yangu mmoja aliyeisoma alinirudishia akiwa ameandika pembeni mwa ukurasa wa 31: "Ameshajiuliza swali hili mara sita. Akijiuliza mara ya saba mimi nalala." Nilikasirika, kisha nikahesabu mwenyewe, nikakuta ni mara nane.

Katika rasimu ya pili nilielekea upande mwingine. Neema alipokuja kuchukua sare zake, Tabu alimwambia waziwazi kwamba anampenda, akasimama kungoja jibu pasipo kutetereka. Rafiki yule yule akasema, "Huyu si mtu wa Kongowea. Huyu umemtoa kwenye filamu."

Linaloniudhi ni kwamba alisema kweli mara zote mbili. Nawawekea hapa kipande cha rasimu ya kwanza ili mlione tatizo lenyewe:

*Nilimpima bega, nikaandika. Nilimpima kifua, nikaandika. Nilipofika kiunoni nikajiuliza kama alikuwa akiusikia moyo wangu jinsi ulivyodunda, na kama ulidunda kwa woga au kwa upendo, na kama ni upendo ulikuwa upendo wa aina gani, na kama yeye naye alikuwa na lake moyoni, na kama mama muuza viazi wa mbele yetu alikuwa akitutazama.*

Swali langu basi ni hili: mhusika anayeingia kwa mara ya kwanza katika penzi la namna hii awe na uhakika kiasi gani, na shaka kiasi gani, na nitajuaje kwamba nimevuka mpaka? Naomba tujadili uandishi. Hukumu za dini na sheria nazijua, na wahusika wangu wanazijua kuliko mimi.

Mhariri wa Zamani alijibu:

Ndugu Mshonahadithi, nimehariri hadithi za watu kwa miaka mingi, na ninaloliona katika kipande chako si wingi wa shaka. Ni shaka lisilo na kitu chake. Mtu hawi na shaka hivi hivi tu. Huwa na shaka juu ya jambo fulani, na jambo hilo ndilo linaloamua atafanya nini baadaye. Hesabu ulichomrundikia Tabu katika sentensi moja: hajui kama anapenda, hajui upendo huo ni wa namna gani, hajui kama anapendwa, na hajui kama jirani anaona. Hayo ni mashaka ya watu wanne. Anayeshuku hisia zake mwenyewe hukwepa. Anayeshuku hisia za mwenzake hupeleleza. Anayeshuku uhalali wa jambo huomba toba au hutafuta kisingizio. Na anayemwogopa jirani hufunga dirisha. Tabu wako hafanyi hata moja. Amesimama na tepu mkononi akiwaza, na ndiyo maana rafiki yako amelala.

Mfano ninaourudia kila mara ni riwaya ya E. M. Forster iitwayo *Maurice*, aliyoiandika mwaka 1913 na 1914 na ambayo haikuchapishwa mpaka 1971, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Sikutaji kitabu hicho ili ukiige. Nakitaja kwa sababu ndani yake kijana mmoja anaingia katika penzi la mwanamume mwenzake mara mbili, na shaka la mara ya kwanza si shaka la mara ya pili.

Mara ya kwanza wako chuoni Cambridge. Anayejitokeza ni Clive, msomi, ambaye amejiandaa kwa kusoma Wayunani na ana maneno tayari. Maurice anaposikia tamko la mwenzake anashtuka na kumkemea, tena anamkemea kwa kumkumbusha kwamba wao ni Waingereza, kana kwamba hilo limemaliza shauri. Halafu anaingia katika mateso ya siku nyingi, na shaka lake ni juu yake mwenyewe tu: je, mimi niliyemkemea ndimi mtu wa namna hiyo? Forster hakumwacha akijiuliza kitandani. Maurice anapopata jibu anakwenda mbio kwa Clive, anakataliwa, na hatimaye anapanda na kuingia kwa dirisha la chumba cha mwenzake. Tendo hilo linajibu swali moja, na tangu hapo swali hilo halirudi.

Mara ya pili, miaka kadhaa baadaye, ni Alec, mlinzi wa wanyama wa porini katika shamba la Clive. Sasa dirisha ni la Maurice, na anayepanda ngazi usiku ni Alec. Maurice hana tena shaka juu ya hali yake. Lakini asubuhi inapofika anaanza kumshuku Alec, kwa sababu Alec ni mfanyakazi na yeye ni bwana mwenye kazi ya fedha London, na sheria ya Uingereza ya mwaka 1885 ilikuwa imewapa watu wa vitisho nafasi nzuri ya kudai pesa kwa wanaume wa namna hiyo. Shaka limehama kabisa, limetoka moyoni na kuingia katika tabaka. Wanakutana kwenye jumba la makumbusho la London wakitishana, na katikati ya vitisho kila mmoja anagundua kwamba mwenzake hakuja kutafuta pesa.

Ushauri wangu ni kwamba umchagulie Tabu shaka moja. Mengine yote mpe uhakika. Ukinilazimisha nichague mimi, ningempa uhakika kamili wa kwamba anampenda Neema tangu ukurasa wa tano, na shaka lake liwe juu ya Neema tu. Msomaji hachoki na mtu anayempeleleza mwenzake.

Kiti cha Nyuma alijibu:

Nakubaliana na Mhariri kwa sehemu kubwa, ila nitaongeza jambo ambalo naona amelipita. Tumemzungumza Tabu peke yake, na Neema je? Katika kipande ulichotuwekea Neema ni kiuno. Hajasema neno, hajacheka, wala hajalalamikia bei. Uhakika na shaka katika mapenzi ni vya watu wawili, na mara nyingi mmoja anapopungukiwa mwenzake humwongezea.

Mimi niliitazama *Rafiki*, filamu ya Wanuri Kahiu kuhusu penzi la wasichana wawili, hapa Nairobi katika zile siku 7 za Septemba 2018, ambapo Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda marufuku ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Foleni ilikuwa ndefu kuliko nilivyowahi kuiona kwa filamu ya Kikenya. Walioitazama watakumbuka kwamba Kena ndiye mwenye kusitasita: mtulivu, mcheza kandanda, binti wa mwenye duka, anayetaka kuwa muuguzi kwa sababu hajathubutu kujiwazia kuwa daktari. Ziki ndiye mwenye uhakika, yule wa nywele za rangi rangi, anayecheza dansi barabarani na kumtazama Kena bila kuficha. Baba zao wanagombea kiti kimoja cha siasa. Kwa nusu nzima ya filamu unaamini kwamba Ziki ndiye atakayembeba Kena.

Halafu watu wa mtaa wanawavamia na kuwapiga, na baada ya hapo mizani inageuka. Ziki ndiye anayevunjika. Kena anapomwendea chumbani kwake, Ziki anamfanyia kejeli: kwani unafikiri utanioa, tutakuwa na familia? Kisha wazazi wanampeleka London. Kena, ambaye hakuwa na uhakika wa kitu chochote, ndiye anayebaki mtaani na kutembea mbele ya watu wale wale. Nilitoka ukumbini nikifikiri kwamba uhakika wa Ziki ulikuwa wa mtu ambaye bado hajatozwa chochote, na kusitasita kwa Kena kulikuwa kwa mtu aliyekuwa akihesabu gharama tangu siku ya kwanza, hivyo bei ilipotajwa haikumshtua sana.

Nina jambo la pembeni. Mwongozaji alieleza kwamba bodi ilimtaka abadilishe mwisho kwa sababu ulikuwa na matumaini mno. Mwandishi anapaswa kulitafakari hilo, kwa maana linaonyesha ni nini hasa kinachowakera watu. Wangevumilia penzi lile kama Kena angelijutia.

Filamu ilitokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, *Jambula Tree*, iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Jambula ndiyo zambarau yetu, kwa wasiojua. Pale msimulizi anamwandikia mwenzake aliyepelekwa ng'ambo, miaka imepita, na yote tunayaona yakiwa yamekwisha kutokea. Ukichagua njia hiyo, shaka la wakati ule na uhakika wa sasa vinaweza kukaa katika sentensi moja bila kugombana. Tabu wako anasimulia kutoka wapi? Akiwa kibandani siku ile ile, au akiwa na miaka 40?

Mzee wa Chuda alijibu:

Mimi nitasema kinyume, na mniwie radhi. Mnazungumza kana kwamba uhakika na shaka ni viungo, mtu anaongeza chumvi au anapunguza. Fundi wa Kongowea hana anasa hiyo. Kifungu cha 162 cha sheria ya makosa ya jinai ya Kenya kinataja kifungo cha hadi miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta mwezi wa Mei 2019. Hapa kwetu Tanzania adhabu ni kubwa zaidi. Ongeza mwenye kibanda, ongeza mama muuza viazi, ongeza kaka zake. Mtu wa namna hiyo akiwa na uhakika, ama ni mjinga ama mwandishi anasema uongo. Rasimu ya kwanza ilikuwa na kasoro ya kurudiarudia, hilo nakubali, lakini ilikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko hiyo ya pili.

Na jambo moja la ufundi, kwa sababu mke wangu ameshona kwa miaka 30. Sare iliyokwisha kushonwa na inayotaka kupunguzwa haipimwi kwa tepu mwilini namna hiyo, bega, kifua, kiuno, kama anayeshonewa nguo mpya. Mwenyewe huivaa ikiwa imegeuzwa ndani nje, fundi akavuta kitambaa pembeni mwa kiuno kwa vidole, akabana kwa pini upande huu na upande huu, akamwambia aketi na kuinuka aone kama inambana. Muuguzi huinama siku nzima. Fundi asiyemketisha atarudishiwa kazi yake.

Mhariri wa Zamani alijibu:

Mzee wangu, shikamoo. Kuhusu pini sina la kusema, umetufundisha. Kuhusu hilo lingine naomba nikujibu.

Umechanganya hofu na shaka. Hofu inatazama nje: polisi, mwenye nyumba, kaka. Shaka linatazama ndani, au linamtazama mwenzako. Mtu anaweza kujaa hofu tele na asiwe na chembe ya shaka. Mvuvi anayetoka na ngalawa kusi ikivuma anaogopa bahari lakini hana shaka kwamba anataka samaki. Tabu akifunga mlango wa kibanda kabla ya kumgusa mkono Neema, hiyo ni hofu, na ndani ya hofu hiyo mna uhakika mkubwa sana, kwa maana mtu hafungi mlango kwa ajili ya kitu asichokitaka. Ninachoomba ni kwamba hofu isitumike kufanya kazi ya shaka. Waandishi wengi hufanya hivyo kwa sababu hofu ni rahisi kuandika: unamtaja polisi, umemaliza.

Tena haielekei kuwa kweli kwamba mgeni wa mambo haya ndiye lazima awe na shaka zaidi. Patricia Highsmith alitoa riwaya mwaka 1952, *The Price of Salt*, kwa jina la kubuni la Claire Morgan. Therese ana miaka 19, anauza midoli katika duka kubwa la New York msimu wa Krismasi, na hajawahi kumpenda mwanamke. Carol ni mkubwa kwake, yumo katika talaka, na amewahi kuwa na uhusiano na rafiki yake wa kike. Kwa hesabu yako, Mzee, na kwa hesabu ya wengi, Therese ndiye angetetemeka. Lakini Therese ndiye anayechukua anwani ya mteja na kumpelekea kadi ya sikukuu, akiitia namba yake ya kazi badala ya jina. Tazama namba hiyo: ni ujasiri na kujificha kwa mkupuo mmoja. Anayesita ni Carol, kwa sababu ana binti mdogo na mumewe anaweza kumnyang'anya, na hatimaye mpelelezi wa mume anawafuata njiani na kuwanasa sauti. Mwenye uzoefu ndiye mwenye shaka, kwa kuwa anajua jambo hili hugharimu nini. Asiyejua bei huenda moja kwa moja.

Kwa hiyo Tabu kuwa mgeni kunaweza kuwa sababu ya uhakika wake. Hana jina la kitu hiki, na kwa kuwa hana jina lake hana pa kukianzia kukikataa.

Mzee wa Chuda alijibu:

Marahaba. Hiyo ya mvuvi nimeikubali. Ya Therese nitakwenda kuifikiria, maana New York si Kongowea, ingawa naona wao nao walikuwa na wapelelezi.

Mtafsiri alijibu:

Nimefuatilia mjadala huu tangu jana na nashangaa kwamba hakuna aliyeigusa lugha, ilhali swali hili katika Kiswahili haliko sawa na lilivyo katika Kiingereza. Kazi yangu ni kutafsiri, na tatizo hili hunijia kila wiki.

Kiingereza humlazimisha msimulizi kumtaja mpenzi kuwa wa kike au wa kiume kila anapotumia kiwakilishi. Kiswahili hakimlazimishi. "Alikuja, akakaa, nikampa maji, nikamtazama alivyokunywa." Ni nani huyo? Hakuna ajuaye. Nyimbo ngapi za taarabu zimeimbwa harusini, wote wanapiga vigelegele, wala hakuna anayeweza kuapa kwamba mwimbaji anamkusudia mwanamume? Tabu anaweza kumwambia dada yake kweli tupu: "Kuna mtu nimempenda. Anafanya kazi hospitali. Ana mikono mizuri." Dada atauliza kama ni daktari, na kama ana mke. Tabu hakusema uongo hata mara moja, na hakujulikana. Hapo unaweza kumpa uhakika wote unaoutaka, aseme kwa sauti na kwa furaha, na bado awe amejificha nyuma ya herufi moja.

Lakini lugha hiyo hiyo iliyomfungulia mlango inamfungia mahali pengine, nalo ni kwenye ndoa. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Dada akiuliza, "Amesema atakuoa lini?", Tabu amekwama. Akijibu "hatanioa", dada atasikia kwamba amedanganywa na mume wa mtu. Akisema "mimi ndiye nitakayemwoa", amesema yote kwa kiambishi kimoja. Ile kejeli ya Ziki aliyoitaja Kiti cha Nyuma huuma zaidi ukiisikia kwa Kiswahili, kwa sababu "utanioa" kutoka kwa msichana kwenda kwa msichana ni sentensi ambayo sarufi yenyewe inaiona ngeni. Kuna "kuoana", bila shaka, ambapo hakuna mtenda wala mtendwa. Sijui kama Tabu angelifikia neno hilo peke yake. Naona lingekuwa jambo la kurasa za mwisho, na huenda Neema ndiye angelitamka.

Neno la pili ni "shoga". Wanawake wa pwani wanaitana hivyo tangu enzi za bibi zetu: shoga yangu, rafiki yangu wa kike wa kufa na kuzikana. Mitaani neno hilo hilo limekuwa tusi kwa wanaume. Mama muuza viazi ataliona jambo la kawaida kabisa Tabu na Neema wakiitana shoga kutwa nzima. Sasa fikiria kwamba wiki tatu za kwanza Tabu anamwita hivyo kama anavyomwita kila mteja aliyemzoea, halafu siku moja neno linamkwama, linakuwa zito kinywani, na anaanza kumwita Neema kwa jina lake. Hakuna fikra, hakuna swali. Msomaji wa Kiswahili ataelewa kwamba kitu kimebadilika, na Neema naye ataelewa, kwa sababu mtu aliyeachwa kuitwa shoga ama amekosana nawe ama limezuka jambo jingine.

Kiti cha Nyuma alijibu:

Mtafsiri amenifunga mdomo. Nilikuwa nakuja kupendekeza leso, kwamba Tabu amchagulie Neema leso yenye jina la fumbo.

Mtafsiri alijibu:

Usipendekeze, tafadhali. Kila hadithi ya mapenzi ya pwani ina leso yenye fumbo, na aghalabu fumbo lenyewe linaeleza kila kitu ambacho mhusika alipaswa kukificha. Tabu anakunja pindo za leso za watu kila siku. Kwake ni kazi ya shilingi chache, na mara nyingi hata hasomi jina lake.

Mshonahadithi alijibu:

Ndugu zangu, nashukuru sana. Nimekaa na maneno yenu siku tatu kabla ya kuandika, na nimefanya uamuzi wa mambo matatu.

Nimemfuata Mhariri: Tabu anajua kwamba anampenda Neema, na hajiulizi tena. Anachoshuku ni Neema peke yake. Hofu ipo, Mzee, lakini nimeihamishia katika vitu, yaani pazia la kibanda, saa ya kufunga, na mahali ambapo kiti cha mteja kimewekwa. Swali la Kiti cha Nyuma ndilo lililonisumbua kuliko yote, kwa sababu ni kweli kwamba Neema alikuwa kiuno tu. Nimegundua kwamba mimi mwenyewe sikujua Neema anafikiri nini, na shaka lote nililompa Tabu lilikuwa shaka langu. Sasa najua. Neema alishawahi kupenda na alishawahi kuondoka katika mji mmoja kwa ajili hiyo, na amekuja kibandani akiwa ameapa kutorudia. Yeye ndiye mwenye shaka kubwa, ila Tabu hajui, na msomaji atalijua kabla yake. Kuhusu mahali pa kusimulia, nimebaki siku ile ile. Tabu wa miaka 40 angekuwa na hekima, nami hekima sikuitaka.

Tepu imeondoka, pini zimeingia. Kipande chenyewe kimekuwa hivi:

*Aliivaa sare ikiwa imegeuzwa ndani nje, akasimama mbele yangu kama mtoto anayesubiri kukaguliwa. Nilikuwa na pini nne kati ya midomo. Nilivuta kitambaa upande wa kushoto, nikabana. Nikavuta upande wa kulia, nikabana. Nikamwonyesha kiti kwa kidevu. Aliketi, akainuka, akaketi tena, na pini ya kulia ikamchoma kidogo. Nilijua kwa sababu alivuta pumzi, wala hakusema. Mteja mwingine angepiga kelele. Nikaichomoa, nikaihamisha upana wa kidole, na wakati huo wote, kwa sababu ya pini mbili zilizobaki, sikuweza kumwita shoga.*

Je, hapa bado anawaza kupita kiasi?

Mhariri wa Zamani alijibu:

Hawazi hata kidogo. Ondoa "nilijua kwa sababu" tu. Acha "alivuta pumzi, wala hakusema". Kwamba Tabu alilijua hilo, msomaji ataona mwenyewe.

Mzee wa Chuda alijibu:

Nimemsomea mke wangu. Amesema kubana ni sawa, kuketisha ni sawa, na kuhamisha pini upana wa kidole ni sawa. Ila amesema, yule ni muuguzi. Akimwona fundi anaweka pini kinywani asingenyamaza, angemkemea pale pale kwamba atakuja kuimeza. Naona hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ya Neema.